Nichague mitihani ipi ya masomo ili niombe vyuo vya Marekani?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), nimeanza Kidato cha Sita Julai hii katika shule ya serikali mkoani Mwanza. Ndoto yangu ni kusoma uhandisi Marekani kwa ufadhili. Kaka yangu alininunulia kitabu cha mtumba cha kujiandaa na maombi, toleo la 2017. Kinasema vyuo vikubwa vinataka SAT, mtihani wa Kimarekani wa kuombea vyuo, pamoja na mitihani miwili au mitatu ya masomo, na kwamba kwa uhandisi inafaa Hisabati Ngazi ya 2 na Fizikia. Mjomba anasema niongeze Kemia iwe mitatu. Mwalimu wetu mmoja anasema niachane na hiyo yote nifanye AP, mitihani ya Kimarekani ya masomo ya ngazi ya chuo. Fedha tulizokusanya nyumbani zinatosha mtihani mmoja, tukijibana sana miwili. Nichague ipi? Na Kifaransa nilichosoma kwa masista hadi Kidato cha Nne nikapata A, kinaweza kunisaidia?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kabla hamjatoa hata shilingi moja, nikueleze jambo ambalo kitabu chako hakiwezi kukueleza kwa sababu kilichapwa kabla halijatokea. Mitihani hiyo ya masomo, iliyoitwa SAT Subject Tests, haipo tena. College Board, shirika linaloendesha SAT, lilitangaza tarehe 19 Januari 2021 kwamba linaifuta. Waliokuwa wamejisajili ndani ya Marekani walifutiwa usajili na kurudishiwa fedha zao. Watahiniwa wa nchi nyingine waliachiwa nafasi mbili za mwisho, Mei na Juni mwaka huohuo, na baada ya hapo hakuna aliyeifanya tena popote duniani.

Nakusihi uliambie hilo na darasa lako. Mwaka 2022 alinijia binti mmoja na risiti ya tuisheni ya miezi mitatu, amelipishwa na kituo kimoja cha masomo ya ziada kwa ajili ya kujiandaa na mtihani wa Kemia wa SAT, mtihani uliokuwa umekufa mwaka mzima uliopita. Mama yake alikopa kwenye VICOBA ili alipe. Sijui kama wale waliomfundisha walijua wanachokifanya au walikuwa na kitabu kama chako. Fedha zilikuwa zimekwenda, na miezi mitatu ya Kidato cha Sita nayo ilikuwa imekwenda.

Lakini swali lako halijafa pamoja na mitihani hiyo. Unachouliza hasa ni hiki: mtu wa mbali asiyeijua shule yangu, atajuaje kwamba naiweza Fizikia na Hisabati? Hilo bado linaulizwa kila mwaka na maofisa wa udahili, na majibu yake yamebadilika. Ndiyo maana nitakueleza kidogo mitihani ile ilikuwaje, kwa sababu makosa tuliyokuwa tukifanya wakati wa kuichagua ndiyo haya haya nayaona leo kwenye AP.

Ilianza mwaka 1937, zaidi ya miaka 10 baada ya SAT yenyewe, ikiwa na jina jingine. Mwishoni ilikuwa 20. Kila mmoja ulichukua saa moja, maswali yote ya kuchagua jibu, alama kuanzia 200 hadi 800. Hisabati Ngazi ya 2 ilikuwa na maswali 50, Fizikia 75, Kemia 85, na kila jibu baya lilikula robo ya alama. Zaidi ya nusu ya orodha ilikuwa mitihani ya lugha: Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano, Kilatini, Kiebrania, Kichina, Kijapani, Kikorea. Hakukuwamo lugha hata moja yenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Kwa miaka yote niliyokaa na wanafunzi kuwasaidia kuchagua, jambo hilo lilinikera. Mtoto wa Seoul aliweza kuingia chumba cha mtihani akatoka na alama nzuri katika lugha ya mama yake, na mtoto wa Tabora anayezungumza Kinyamwezi, Kiswahili na Kiingereza hakuwa na pa kuzionyesha hizo mbili za kwanza.

Vyuo vya sayansi na uhandisi ndivyo vilivyoishikilia zaidi. MIT ilitaka mmoja wa Hisabati na mmoja wa sayansi. Caltech ilitaka Hisabati Ngazi ya 2 na mmoja wa sayansi. Kwa hiyo kitabu chako hakikudanganya, kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Vyote viwili viliachana na matakwa hayo mwaka 2020, miezi kadhaa kabla College Board haijafunga kabisa.

Sasa kosa lenyewe. Mwaka 2019 nilikuwa na kijana wa PCM kama wewe, hodari kweli, anayeongoza darasa katika Fizikia. Alijisajili mtihani wa Fizikia wa Oktoba, akiwa ndiyo kwanza ameingia Kidato cha Sita. Sote tuliona ni jambo la wazi: anataka uhandisi, anapenda Fizikia, afanye Fizikia. Hakuna kati yetu, na mimi nikiwemo, aliyekaa chini na mihutasari miwili akailinganisha. Katika mpangilio wetu, mekanika, joto na mawimbi hufundishwa Kidato cha Tano. Umeme, usumaku na fizikia ya atomu husubiri Kidato cha Sita. Mtihani ule ulichanganya yote. Kijana akakuta sehemu nzito ya maswali inahusu mambo ambayo mwalimu wake angeyafikia Februari. Alipata alama ya wastani tu, na alama hiyo ikaonekana kana kwamba ni mtu wa wastani katika Fizikia. Mwaka uliofuata NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania, ilimpa A katika somo hilohilo. Angefanya Hisabati Ngazi ya 2 ambayo haikuwa na kalkulasi kabisa, na ambayo mada zake karibu zote alikwisha kuzisoma, angetoka na alama kubwa bila jasho. Tulichagua kwa kutazama jina la somo, wakati cha kutazamwa kilikuwa mada gani amefundishwa hadi siku ya mtihani.

Kwa hiyo ninapoulizwa leo kuhusu mtihani wowote, huuliza mambo mawili kwanza. Nani ameuomba? Na siku utakapoufanya, utakuwa umefundishwa kiasi gani cha kilichomo?

Tuanze na nani ameuomba. Usianze na orodha ya mitihani, anza na orodha ya vyuo; na kwa sababu unahitaji ufadhili, orodha hiyo fupi itajiandika yenyewe. Vyuo kama MIT, Harvard, Yale, Princeton na Dartmouth humkubali mwanafunzi wa nje bila kuangalia kama familia yake ina uwezo wa kulipa, na akikubaliwa humfidia pengo lote. Ni vigumu mno kuingia, hilo unalijua, kwa hiyo utaongeza vingine vinavyotoa msaada mzuri kwa wageni ingawa huangalia uwezo wa mwombaji. Orodha ikishakaa, fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo na uandike kwa mkono wako wanachotaka kwa mwaka wako wa maombi. Usikubali kusimuliwa, hata na mimi, kwa maana tangu janga la korona kanuni hizi zimekuwa zikipinduliwa mwaka hadi mwaka.

Utakachokuta ni kwamba SAT imerudi kwa nguvu. Wakati wa korona karibu vyuo vyote viliifanya iwe hiari. MIT ilikuwa ya mapema kuirudisha, Machi 2022. Mwaka 2024 Dartmouth, Brown, Harvard, Caltech na Stanford vilitangaza kuirudisha pia, SAT au mwenzake ACT. Yale ilichukua njia ya pekee Februari 2024, ikasema mwombaji alete kimojawapo kati ya SAT, ACT, AP au IB (mtihani wa kimataifa wa kumaliza sekondari). Dartmouth ilisema waombaji wa nje ya Marekani wanaweza kuleta matokeo ya A-level au mtihani wa taifa unaolingana nayo badala ya SAT. Harvard nayo, kwa asiyeweza kabisa kukifikia kituo cha SAT au ACT, ilikubali kupokea AP, IB, A-level au mtihani wa taifa wa kumaliza shule. Upande wa pili, mfumo wa University of California hautazami SAT hata ukiipeleka, na Columbia ilitangaza mwaka 2023 kuifanya hiari ya kudumu.

Kwa mwenye fedha za mtihani mmoja anayelenga uhandisi, hesabu hiyo inatoa jibu moja: mtihani wako ni SAT. Ada yake kwa mwanafunzi wa nje ya Marekani, pamoja na nyongeza ya kimataifa, inapita dola 100, na msamaha wa ada wa College Board ni wa wanafunzi wa Marekani, kwa hiyo usiutegemee. Fanya mara moja, uifanye vizuri.

Na kuifanya vizuri ni jambo linalowezekana kwako. SAT ya sasa hufanywa kwenye kompyuta, saa 2 na dakika 14, kupitia programu inayoitwa Bluebook. Upande wa kusoma na kuandika una maswali 54 kwa dakika 64, upande wa Hisabati maswali 44 kwa dakika 70, na kila upande umegawanywa sehemu mbili. Ukifanya vizuri ya kwanza unapewa ya pili iliyo ngumu zaidi, ambamo ndimo zilimo alama za juu. Hisabati yake ni aljebra, takwimu, jiometri na trigonometria kidogo. Hakuna kalkulasi, hakuna hesabu za vekta kama zenu. Mwanafunzi wa PCM aliyekwisha kupambana na Hisabati ya Kidato cha Tano hana la kujifunza jipya humo, ila ana mawili ya kuzoea. La kwanza ni Kiingereza cha swali. Nimewaona vijana wanaopata 90 darasani wakikosa swali rahisi kwa sababu halikusema wazi kinachotafutwa. La pili ni kikokotoo cha kuchora grafu kilichomo ndani ya programu yenyewe. Ninyi mmelelewa kufanya hatua kwa hatua kwa mkono, kwa sababu NECTA inataka kuona njia. SAT haioni njia, inaona jibu tu. Jifunze kuchora grafu kwenye kikokotoo hicho na kusoma makutano yake, utaokoa dakika nyingi.

Upande wa kusoma ndio utakaokula muda wako wa maandalizi. Vifungu ni vifupi, kila kimoja na swali lake, lakini vimetolewa kila mahali: mashairi ya kale, utafiti wa biolojia, historia. Soma Kiingereza kila siku, nusu saa, mambo usiyoyapenda. Bluebook ina mitihani kamili ya majaribio bila malipo, na Khan Academy ina mazoezi yaliyoandaliwa kwa ushirikiano na College Board, nayo ni bure. Utahitaji kompyuta mpakato au kishikwambi aina ya iPad, simu haitumiki. Tafuta mapema nani atakuazima. Vituo nchini ni vichache, vingi viko ndani ya shule za kimataifa, na nafasi hujaa. Jisajili sasa kwa Oktoba au Novemba. Desemba iache iwe akiba tu endapo mambo yataharibika. Na paspoti usichelewe kuiomba, kwa sababu utaihitaji kwa mengi.

Sasa AP, ambayo mwalimu wako ameipendekeza kwa nia njema. AP ndiyo iliyorithi kiti cha mitihani ya masomo. College Board wenyewe walipoifuta ile ya zamani walisema AP imeenea kiasi kwamba ile haihitajiki tena. Kimarekani hilo lina mantiki, kwa maana huko AP ni somo linalofundishwa darasani mwaka mzima, kisha mtihani Mei, alama 1 hadi 5. Kwetu hali ni nyingine. Ni shule chache za kimataifa zinazoifundisha. Mtu wa nje anayetaka kufanya mtihani peke yake lazima aombe shule mojawapo impokee, alipe ada ya mtihani inayopita dola 100 kwa kila somo pamoja na gharama za shule ile, asafiri, alale. Ukiwa Mwanza, jumlisha basi na malazi.

Hata fedha zingekuwepo, tazama kalenda. Mitihani ya AP hufanyika wiki mbili za mwanzo za Mei. Mtihani wako wa Kidato cha Sita huanza mwanzoni mwa Mei. Yaani siku unayotakiwa kuwa katika chumba cha NECTA na karatasi ya Hisabati mbele yako, ndiyo siku ambayo wenzako wa AP wako kwenye chumba kingine. Na hata kama ratiba ingekupa mwanya, maombi yako yatakuwa yamekwisha kutumwa Januari. Alama za AP za Mei hiyo zinatoka Julai, wakati barua za kukubaliwa au kukataliwa zimekwisha kutoka tangu Machi. AP yenye faida kwa maombi ni ile iliyofanywa mwaka kabla, Mei ya Kidato cha Tano. Kwako wewe dirisha hilo limefungwa, na nakushauri usilisikitikie. Hakuna chuo kati ya nilivyovitaja kinachomdai mwanafunzi wa shule ya serikali ya Tanzania alete AP. Wanapima umefanya nini na ulichopewa.

Kama msomaji mwingine wa Kidato cha Tano anafuatilia haya, na yuko Dar es Salaam au Arusha karibu na shule inayopokea watahiniwa wa nje, na ana uwezo, basi afikirie AP moja tu, si tatu. Mekanika ya Fizikia C ingemfaa zaidi, kwa sababu mekanika ndiyo anayofundishwa Kidato cha Tano, mradi ahakikishe kwamba kalkulasi yake imefika mahali pazuri kufikia Aprili. Aende na muhtasari wa AP mkononi, akae na mwalimu wake, waweke tiki kwenye kila mada.

Nirudi kwako, kwa sababu nimeacha la muhimu kuliko yote. Mtihani wa masomo unaoutafuta unao tayari, unaitwa ACSEE, mtihani wa taifa wa Kidato cha Sita. Fizikia, Kemia na Hisabati ya juu, karatasi ndefu, maswali ya kuandika na kuonyesha njia, na Fizikia na Kemia zikiwa na vitendo juu yake. Kwa kina, mtihani wa saa moja wa kuchagua jibu haukuwahi kuufikia. Shida yake ni kwamba ofisa aliyeko Massachusetts haujui, na asipoelezwa atausoma vibaya.

Utasomwaje vibaya? NECTA inatoa A kuanzia 80, B kuanzia 70, C kuanzia 60. Katika shule nyingi za Marekani A huanzia 90, na mwenye 70 anaonekana amenusurika tu. Ripoti yako ya Kidato cha Tano ikiwa na Hisabati 74, wewe na darasa lako mnajua kwamba mmefanya kazi kubwa. Yule anayesoma faili 30 kwa siku anaweza kuona mwanafunzi dhaifu. Nimeona faili nzuri zikitoka shuleni namna hiyo, tarakimu tupu bila neno la maelezo. Mwombe mkuu wa shule aambatanishe ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, unaoeleza viwango vya NECTA, wangapi mko kwenye kombi yenu, wewe uko nafasi ya ngapi, na alama ya juu kabisa katika kila somo ni ngapi. Kama alama ya juu ya Hisabati shuleni ni 78 na wewe una 74, hiyo 74 ghafla inazungumza. Ukurasa huo utakugharimu wino tu, na nauthamini kuliko mtihani wowote wa dola 100.

Kwa kuwa matokeo ya ACSEE hutoka Julai, una njia mbili. Ya kwanza ni kuomba Januari hii ukiwa na matokeo ya Kidato cha Nne, ripoti za Kidato cha Tano, SAT, na makadirio ya alama yaliyoandikwa na walimu wako. Ukikubaliwa, matokeo ya Julai yatakukuta tayari una nafasi, na masomo yanaanza Agosti au Septemba. Ya pili ni kungoja matokeo halisi, kisha uombe mzunguko unaofuata, ukipoteza mwaka mmoja. Wengi wetu hupenda ya pili kwa sababu A mbili au tatu mkononi hazibishaniwi. Mimi ningeomba yote mawili kwa mpango: jaribu Januari hii kwa vyuo vichache, na ukikataliwa, vingi vinaruhusu kuomba tena mwaka unaofuata ukiwa na matokeo kamili. Ila ukichagua kungoja, usipange kuanza kujisomea SAT baada ya mtihani wa Mei kana kwamba utakuwa nyumbani umepumzika. Ukiitwa JKT kwa mujibu wa sheria, miezi ile huna Bluebook wala kitabu. SAT ifanye mwaka huu kwa vyovyote vile.

Mjomba na Kemia yake umwambie kwa heshima kwamba Kemia itaonekana kwenye matokeo yako ya NECTA, haihitaji kulipiwa mara ya pili.

Niongeze jambo moja juu ya Uingereza, kwa kuwa wengi wa PCM huomba huko pia, na huko ndiko swali lako la awali, nichague masomo gani ya mtihani, lingali na maana kamili. Cambridge na Imperial hutumia mtihani unaoitwa ESAT tangu 2024 kwa uhandisi na sayansi. Hufanywa kwa vipande vya dakika 40, kila kimoja maswali 27, bila kikokotoo. Hisabati 1 ni ya lazima, kisha kuna Hisabati 2, Fizikia, Kemia na Biolojia. Kwa uhandisi wa Cambridge huna la kuchagua, ni Hisabati 1, Hisabati 2 na Fizikia. Kwa sayansi asilia unachagua viwili zaidi mwenyewe, na hapo ndipo kisa cha kijana wangu wa 2019 kinaporudi, kwa maana waombaji wa Cambridge wanapaswa kuufanya Oktoba. Chukua vipande ambavyo mada zake umekwisha kuzimaliza kufikia mwezi huo. Lakini ufadhili wa shahada ya kwanza Uingereza kwa mgeni ni adimu kuliko Marekani, kwa hiyo sikushauri ugawanye fedha zako.

Mtihani wa Kiingereza nao utaulizwa. Baadhi ya vyuo humsamehe aliyesoma sekondari kwa Kiingereza, vingine humsamehe mwenye alama nzuri ya kusoma na kuandika kwenye SAT. Andika barua pepe uulize, jibu liwe mkononi kabla hujalipa. Ukilazimika, mtihani wa Duolingo unakubaliwa na vyuo vingi, hufanywa nyumbani kwenye kompyuta yenye kamera, na ni nafuu kuliko TOEFL. Huo ndio ungekuwa mtihani wako wa pili, kama fedha za kujibana zipo.

Na Kifaransa. Kitabu chako kingekwambia ufanye mtihani wa Kifaransa, na zamani labda ningekubaliana nacho. Leo hakuna mtihani wa kulipia. Ile A iko kwenye matokeo yako ya Kidato cha Nne na wataiona. Lakini kuna matumizi mengine ambayo wanafunzi wa PCM huyasahau. Vyuo vingi hutaka barua za walimu wawili, na MIT hupendelea moja itoke kwa mwalimu wa Hisabati au sayansi na nyingine kwa mwalimu wa lugha, historia au masomo ya jamii. Mtu wa PCM hapo hukwama, kwa sababu Kidato cha Tano na cha Sita anazungukwa na walimu wa sayansi, na mwalimu wa General Studies ana wanafunzi 200 asiowajua kwa majina. Wewe una sista aliyekufundisha lugha ya kigeni miaka minne, akakuona unakosea, unarudia, unaweza. Anaweza kuandika mambo ambayo hakuna alama inayoyasema: ulivyokuwa mtoto wa miaka 14 ukitamka vibaya mbele ya wenzako, na ulivyofika kwenye ile A.

Barua iandikwe kwa Kiingereza na aitume mwenyewe kwa njia ya mtandao; kama hana mazoea na mtandao, mtafutie mtu wa kumsaidia, asikupe wewe uipeleke. Shule ikifungwa Desemba huenda akaenda likizo au akahamishiwa nyumba nyingine ya shirika lao, kwa hiyo nenda kamwone Septemba. Mpelekee nakala ya matokeo yako na mweleze unataka kusoma nini na kwa nini, kisha umwachie muda wa kutosha kuandika.